Kabla ya Kununua Pawa Saplai, Piga Hesabu ya Wati

Maandishi ya mazungumzo kwa wenye saiba, mafundi na vikundi vya vijana. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakaazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mazungumzo ya leo yanahusu kifaa ambacho wengi hawakijali mpaka siku kinapoungua. Ni kile kisanduku cha chuma kilicho ndani ya kompyuta ya mezani, upande wa nyuma, pale waya wa stima unapochomekwa. Mafundi hukiita pawa saplai. Kazi yake ni kupokea stima ya volti 240 kutoka ukutani na kuigeuza kuwa stima ndogo ya volti 12, volti 5 na volti 3.3, ambayo ndiyo vyombo vya ndani ya kompyuta huitumia. Kila kilichomo ndani ya kompyuta hula kutoka kwa kisanduku hicho. Kikiwa dhaifu, vyote hudhoofika. Kikiungua, mara nyingine huungua pamoja na vingine.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini jambo la kifundi kama hili lizungumziwe mbele ya wananchi. Jibu ni kwamba kompyuta ya mezani si anasa tena. Saibani ndiko mkaazi anakokwenda kufungua akaunti ya eCitizen, kuomba cheti cha kuzaliwa, kutuma ombi la mkopo wa HELB na kuwasilisha ritani za KRA. Siku ya mwisho ya ritani kwa mtu binafsi ni tarehe 30 Juni, na siku hiyo foleni hufika nje ya mlango. Kompyuta ikizimika saa tisa alasiri, mwenye saiba anapoteza mapato ya siku bora zaidi ya mwaka, na mteja aliyechelewa anakabiliwa na faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya kodi anayodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa zaidi. Hasara yote hiyo inaweza kutokana na kisanduku kimoja kilichonunuliwa bila kuuliza.

Mfano wa mama mwenye saiba

Chukua mfano wa mama mmoja mwenye saiba katika kituo cha soko. Ana kompyuta tatu. Mbili ni zile nyembamba za ofisi, zilizotumika ng'ambo kabla ya kuletwa nchini. Ya tatu ni kubwa, iliyounganishwa na fundi, nayo hutumiwa na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Kijana huyo huhariri video za harusi na mazishi. Kompyuta yake ni ya polepole, na video moja huweza kumkesha, kwa hivyo anataka kuongeza kadi ya grafiki ili kazi iende haraka.

Zamu ya mama katika chama imefika. Pesa hizo zina kazi mbili. Ya kwanza ni kununua kadi ya kijana na kifaa chochote kinachohitajika ili kadi ifanye kazi. Ya pili ni kulipa karo ya binti yake mdogo. Kila shilingi inayozidi upande mmoja inatoka upande wa pili.

Katika duka la kwanza wanaambiwa kadi hiyo inahitaji pawa saplai ya wati 850, na kwamba ni vyema kubadilisha pia za zile kompyuta mbili za ofisi "ili mama akae salama." Katika duka la pili wanaonyeshwa pawa saplai iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa nyekundu, bei ya chini kabisa. Hakuna muuzaji aliyeuliza ndani ya kompyuta mna nini.

Wakiwa njiani kurudi nyumbani, mama anauliza, "Mwanangu, hiyo kadi yako inakula wati ngapi?"

"Sijui, Mama. Ila ni ya kisasa."

"Na hiyo kompyuta nzima je?"

"Hata hiyo sijui."

"Basi hatununui kitu mpaka tujue."

Uamuzi wa mama huyo ndio msingi wa mazungumzo haya. Ukubwa wa pawa saplai hauamuliwi na muuzaji, wala hauamuliwi na herufi nyekundu kwenye kasha. Unaamuliwa na vyombo vilivyomo ndani ya kompyuta, na hesabu yake ni ya kujumlisha tu.

Namna ya kupiga hesabu

Mtu anahitaji karatasi, kalamu na orodha ya vyombo. Orodha hiyo inaweza kupatikana kwa kumwomba fundi afungue kompyuta, au kwa kusoma maelezo ya mfumo kwenye kompyuta yenyewe. Baada ya hapo kila chombo kinaandikiwa wati zake. Wati za prosesa na za kadi ya grafiki hutangazwa na kampuni zilizozitengeneza, na yeyote mwenye simu anaweza kuzitafuta kwa jina la chombo. Vyombo vingine hukadiriwa.

Kompyuta ya kijana wa mfano wetu ina prosesa ya Intel Core i5-6500, ambayo imetangazwa kuwa ya wati 65. Makadirio ya vyombo vingine, kwa kuweka kiwango cha juu kidogo, ni haya:

Madabodi, wati 40.
Vipande viwili vya RAM, wati 8.
Diski ya SSD, wati 5.
Diski ngumu ya kawaida, wati 10.
Feni mbili, wati 6.
Kibodi, mausi, flashi na vingine vinavyochomekwa kwa USB, wati 10.

Jumla pamoja na prosesa ni wati 144. Hiyo ndiyo kompyuta nzima ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, kabla ya kuongezwa kadi ya grafiki. Skrini haimo katika hesabu hii kwa sababu ina waya wake wa stima unaokwenda moja kwa moja ukutani. Printa pia haimo.

Sasa inaongezwa kadi. Kijana anataka NVIDIA GeForce GTX 1660 Super, ambayo ni ya wati 125. Wati 144 na 125 ni wati 269.

Pawa saplai haifai kununuliwa ya wati 269 kamili. Mtu anayebeba gunia la kilo 90 hachagui mkokoteni unaovunjika kwa kilo 91. Prosesa na kadi za grafiki huruka juu kwa muda mfupi zinapopewa kazi nzito, joto hupunguza uwezo wa pawa saplai, na kadiri miaka inavyopita vipuri vyake vya ndani huchoka. Kanuni rahisi ya kukumbuka ni kuongeza nusu ya jumla. Nusu ya 269 ni takriban 135, na jumla mpya ni wati 404. Ukubwa unaofuata unaouzwa kwa wingi ni wati 450.

Hatua ya mwisho ni kulinganisha na ushauri wa mtengenezaji wa kadi. Kwa kadi hiyo, NVIDIA inashauri pawa saplai isiyopungua wati 450. Hesabu ya karatasi na ushauri wa kiwandani vimekutana mahali pamoja. Pale zinapotofautiana, afuate ile iliyo kubwa.

Kwa hivyo yule aliyetaja wati 850 alikuwa anauza karibu mara mbili ya kinachohitajika. Kompyuta haitaharibika kwa kuwekewa 850, lakini karo ya binti ingepungua bila sababu.

Angalizo kuhusu prosesa mpya. Baadhi ya prosesa za miaka ya karibuni hutangazwa kwa namba mbili. Intel Core i7-12700, kwa mfano, ni ya wati 65 katika kazi ya kawaida, lakini inaweza kupanda hadi wati 180 inapobanwa. Anayepiga hesabu aandike namba kubwa. Atakayeandika 65 atakuwa amejidanganya kwa wati 115, na pawa saplai haidanganyiki.

Je, zile kompyuta mbili za ofisi?

Kompyuta nyingi zinazouzwa kama "eks-UK" ni mashine za ofisi. Chukua Dell OptiPlex 7010 ya umbo dogo, ambayo huja na pawa saplai ya wati 240. Wengi wakisikia wati 240 hushtuka na kudhani ni ndogo. Hebu ipigiwe hesabu ile ile. Prosesa yake ikiwa Core i5-3470 ni wati 77. Madabodi 40, RAM 8, SSD 5, feni 6, USB 10. Jumla ni wati 146. Ukiongeza nusu, ni wati 219. Pawa saplai ya 240 inatosha na chenji inabaki. Mama hana haja ya kuzigusa. Ushauri wa kuzibadilisha ungemgharimu pesa za pawa saplai mbili bila faida yoyote.

Kuna jambo jingine kuhusu mashine hizo. Pawa saplai zake zina umbo la peke yake, na katika mashine kadhaa za Dell na HP zilizofuata hata plagi inayoingia kwenye madabodi si ile ya kawaida ya pini 24. Mtu akinunua pawa saplai ya dukani bila kuuliza, anaweza kurudi nyumbani na kitu kisichoingia. Anayetaka kuongeza kadi ya grafiki kwenye mashine ya aina hiyo atafute kadi fupi isiyohitaji waya wa ziada wa stima. GeForce GT 1030, kwa mfano, ni ya wati 30, nayo hupata stima yake yote kutoka kwenye madabodi.

Kusoma lebo, si kasha

Sasa turudi kwa ile pawa saplai ya herufi nyekundu. Imeandikwa wati 500, mama anahitaji 450, na bei ni nafuu. Kwa nini asiichukue?

Jibu liko ubavuni mwa kisanduku chenyewe, kwenye lebo yenye jedwali dogo. Hapo pameandikwa volti za kila aina na ampea zake. Muhimu zaidi ni safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya grafiki hula kutoka hapo. Kupata wati, mtu anazidisha volti kwa ampea. Ikiwa lebo inasema volti 12, ampea 18, basi 12 mara 18 ni wati 216.

Hiyo ndiyo nguvu halisi iliyopo mahali inapohitajika. Zile wati nyingine zinazokamilisha 500 zimehesabiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambako kompyuta ya leo haina kazi nyingi, au ni kiwango cha kilele ambacho kifaa hakiwezi kukishikilia. Kadi ya wati 125 na prosesa ya wati 65 zinafika 190 kabla ya feni, diski na madabodi kupata mgao wao. Kijana angeanza kuhariri video, kadi ingeamka, na kompyuta ingezima ghafla. Au isizime, ifanye kazi kwa miezi miwili ikichemka, kisha ilipuke siku ya foleni.

Pawa saplai ya kweli ya wati 450 hutoa karibu nguvu zake zote kwenye volti 12. Lebo ikisema volti 12, ampea 36, basi 12 mara 36 ni wati 432. Hiyo ni mara mbili ya ile iliyoandikwa 500. Ndiyo maana mnunuzi anapaswa kugeuza kisanduku na kuzidisha mwenyewe kabla ya kutoa pesa. Simu ya kawaida ina kikokotoo. Muuzaji asiyetaka kisanduku kigeuzwe amekwisha kujibu swali.

Lebo hiyo hiyo huonyesha mambo mengine matatu ya kuangalia.

La kwanza ni volti za kuingia. Nyingine zimeandikwa 200 hadi 240, nyingine 100 hadi 240. Mkaazi aliye mwisho wa laini ya stima, ambako taa hufifia jioni, atafaidika zaidi na ile ya 100 hadi 240 kwa sababu huvumilia stima inaposhuka.

La pili ni joto. Pawa saplai nzuri hupimwa uwezo wake kwenye nyuzi 40 au 50 za selsiasi. Nyingine hupimwa kwenye nyuzi 25, joto ambalo chumba cha saiba chenye paa la mabati hakilijui mchana. Iliyopimwa kwa nyuzi 25 hutoa pungufu inapokuwa ndani ya joto.

La tatu ni alama ya 80 PLUS, inayohusu ufanisi.

Ufanisi na bili ya stima

Kuna dhana kwamba pawa saplai ya wati 850 hula wati 850 saa zote. Si kweli. Pawa saplai huvuta kiasi ambacho kompyuta inahitaji, pamoja na kile kinachopotea kama joto wakati wa kugeuza stima. Kinachopotea ndicho huongeza bili bure.

Alama ya 80 PLUS huonyesha kwamba kifaa kimepimwa na kupoteza kidogo. Kwenye kipimo cha volti 115, chenye daraja la Bronze hufikia ufanisi wa asilimia 85 kinapobeba nusu ya mzigo wake, na chenye daraja la Gold hufikia asilimia 90. Kwa volti 240 kama zetu, ufanisi kwa kawaida huwa juu kidogo.

Hesabu yake ni hii. Kompyuta inayohitaji wati 100, ikiwa na pawa saplai ya ufanisi wa asilimia 85, huvuta takriban wati 118 kutoka ukutani. Ikiwa na pawa saplai duni ya asilimia 70, huvuta takriban wati 143. Saiba ikifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ya kwanza itatumia takriban yuniti 24 na nusu. Ya pili itatumia karibu yuniti 30. Tofauti ni yuniti 5 na ushei kwa kompyuta moja. Kwa saiba yenye kompyuta sita ni zaidi ya yuniti 31 kila mwezi, ambazo hazikuandika barua wala kuchapisha fomu hata moja. Mwenye saiba azizidishe kwa bei ya yuniti kwenye tokeni yake ya mwisho, aone zinamgharimu kiasi gani kwa mwaka.

Hapa pia kubwa mno ina hasara yake. Pawa saplai hufanya kazi vizuri zaidi ikibeba karibu nusu ya uwezo wake. Ikibeba mzigo mdogo sana, chini ya moja ya tano, ufanisi wake huanza kuporomoka. Kununua 850 kwa kompyuta inayotumia 100 ni kama kukodisha lori kupeleka debe moja la mahindi.

UPS si suala tofauti

Wenye saiba wengi wana UPS ili stima ikipotea mteja asipoteze fomu aliyoijaza. Hapo pia kuna namba ya kuchunga. UPS huandikwa VA, na VA si wati. Nyingi za 650 VA hubeba takriban wati 360 hadi 390 tu, na kiwango halisi kimeandikwa kwenye lebo yake.

Kompyuta ya kijana ikiwa na kadi mpya itahitaji wati 269 kwa kazi nzito. Kwa ufanisi wa asilimia 85 itavuta takriban wati 316 kutoka kwa UPS. Skrini ikiongeza 25, jumla ni 341. UPS ya wati 360 iko ukingoni na itadumu dakika chache mno. Afadhali yenye uwezo wa wati 600 au zaidi. Kompyuta za ofisi, ambazo kwa kujaza fomu hutumia sehemu ndogo tu ya zile wati 146, zinatosheka na ile ndogo.

Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS kamwe. Inapopasha moto sehemu ya kukaushia wino huvuta nguvu nyingi kwa ghafla, na UPS huzima pamoja na kila kilichounganishwa nayo.

Usalama

Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, yenye alama za 115 na 230. Nchini Kenya swichi hiyo lazima iwe kwenye 230. Ikiwa kwenye 115 na kompyuta ikachomekwa ukutani, mlipuko husikika mara moja na kifaa huwa kimekwisha. Anayepokea kompyuta iliyotoka ng'ambo aitazame swichi hiyo kabla ya kuchomeka chochote, na watoto wafundishwe kutoichezea.

Kisanduku cha pawa saplai chenyewe kisifunguliwe na asiyekuwa fundi. Hata baada ya waya kuchomolewa, kapasita zilizomo ndani huhifadhi stima inayoweza kumwumiza mtu vibaya. Vumbi lipulizwe kutoka nje, kompyuta ikiwa imezimwa na kuchomolewa.

Kwa zile pawa saplai ambazo nyaya zake huchomolewa pande zote mbili, nyaya za kifaa kimoja zisitumiwe kwenye kingine hata kama zinaingia. Mpangilio wa pini hutofautiana, na kosa hilo limeunguza diski na madabodi za watu wengi.

Kadi inayohitaji waya wa pini 8 ipewe waya wa pini 8 unaotoka moja kwa moja kwenye pawa saplai. Pawa saplai isiyokuwa na waya huo kwa kawaida haikutengenezewa kadi hiyo, na kuunganisha kwa viungo vya kubahatisha huleta joto kwenye nyaya. Soketi ya madabodi pekee hutoa hadi wati 75 kwa kadi, si zaidi.

Kompyuta inayojizima au kujiwasha upya kila inapopewa kazi nzito, au inayotoa harufu ya kuungua, isiendelee kutumiwa. Huenda tatizo likawa joto la prosesa au RAM iliyolegea, lakini pawa saplai ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuchunguzwa. Kuendelea kuiwasha "mpaka mwisho wa mwezi" ni kuhatarisha diski yenye kazi za wateja, na pengine chumba chenyewe.

Haki ya mnunuzi

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa hizo. Kuuliza ampea za volti 12 si ubishi. Ni haki. Mnunuzi adai risiti iliyoandikwa jina na namba ya modeli ya kifaa, wala si neno "pawa saplai" peke yake, na muda wa warantii uandikwe hapo hapo. Siku kifaa kitakapokufa mapema, karatasi hiyo ndiyo itakayozungumza kwa niaba yake.

Na iliyokufa isitupwe jaani wala kuchomwa. Ina madini na kemikali zisizofaa kuingia udongoni au kwenye moshi. Ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Kwa kumalizia

Mama wa mfano huu hakuwa na diploma ya kompyuta. Aliketi na mwanawe, wakaandika orodha, wakajumlisha, wakaongeza nusu, wakapata 404. Walirudi sokoni wakitafuta pawa saplai moja ya wati 450, yenye ampea za kutosha kwenye volti 12, waya wa pini 8 na alama ya ufanisi. Hawakuzigusa kompyuta mbili za ofisi. Bei waliyolipa ilikuwa juu ya ile ya herufi nyekundu na chini ya ile ya 850, na pesa za karo zilibaki mahali pake.

Kwa mkaazi atakayesahau yote yaliyosemwa, akumbuke mambo manne. Ajumlishe wati za vyombo vyake na kuongeza nusu. Azilinganishe na ushauri wa mtengenezaji wa kadi, kisha achukue namba kubwa. Ageuze kisanduku na kuzidisha 12 kwa ampea kabla ya kulipa. Na asibadilishe kinachotosha.

Hesabu hiyo huchukua dakika kumi na haitozwi ada popote. Tarehe 30 Juni ijayo, wateja wakijaa hadi barazani, mwenye saiba aliyeifanya atakuwa anashughulika na foleni, si kumtafuta fundi.